Tuandike Ukoo Wetu Kabla Wazee Hawajaondoka

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya swali moja ambalo daktari huliuliza mara kwa mara, nasi mara nyingi tunashindwa kulijibu.

Mtoto ameletwa hospitali na bibi yake. Macho yake ni ya njano, vidole vimevimba, analia kwa maumivu ya mifupa. Daktari anauliza: "Bibi, katika ukoo wenu yupo mwingine aliyewahi kuumwa hivi? Na kwa upande wa baba yake je?" Bibi anatazama chini. Upande wa mama anaujua, kwa sababu mama wa mtoto alikuwa binti yake mwenyewe, naye ni marehemu. Upande wa baba hajui hata kijiji alikotoka.

Jambo hili si la nyumba moja. Katika mikoa yetu ya Mbeya na Iringa, na kwa jirani zetu wa Njombe, ukimwi ulikipiga vibaya kizazi cha katikati. Hata katika utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 mikoa hii ndiyo iliyoongoza kwa maambukizi miongoni mwa watu wazima: Njombe asilimia 12.7, Iringa asilimia 11.1 na Mbeya asilimia 9.6. Leo, kwa neema ya dawa, mwenye virusi anaishi, anafanya kazi na kulea wanawe. Lakini kabla dawa hazijafika vijijini, akina baba na akina mama wengi walizikwa wangali vijana, na habari za ukoo walizokuwa nazo kichwani zikazikwa pamoja nao. Wakabaki bibi na mjukuu. Sasa bibi naye anazeeka.

Maoni yetu ni haya. Kila familia iandike ukoo wake katika daftari mwaka huu, pamoja na magonjwa yake, wakati wazee bado wapo. Na kipimo cha vinasaba, ambacho wengi tunakiita DNA na ambacho siku hizi kinatajwa kila kijiwe, kiwe msaada pale penye haja ya kweli. Kisiwe fimbo ya kuvunjia nyumba.

KWA NINI DAKTARI ANAULIZA HABARI ZA UKOO

Tuchukue ugonjwa wa selimundu, ambao wengine huuita sikoseli. Kila mmoja wetu amerithi vinasaba vya damu kutoka pande mbili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Mtu akirithi kinasaba chenye kasoro upande mmoja tu, yeye haumwi, ila amekibeba. Wabebaji wawili wakioana, kwa kila mimba ipo nafasi moja kati ya nne mtoto kuzaliwa mgonjwa. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini Tanzania kila mwaka.

Kinasaba hiki ni cha kawaida zaidi katika sehemu zenye malaria nyingi, kwa sababu anayekibeba upande mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Zamani kijana wa milimani alioa binti wa milimani. Leo kijana wa Mufindi anamwoa binti wa Kyela, au wa Mwanza aliyekutana naye chuoni. Ndoa hizo ni njema, nasi tunazifurahia. Tunachosema ni kwamba wachumba waulizane habari za koo zao, kisha waende wakapime damu kabla ya harusi. Kipimo hiki ni cha damu cha kawaida, tofauti na kile cha vinasaba cha kutafuta ukoo. Na mtoto akigunduliwa mapema, akapewa dawa za kumkinga na maambukizi na malaria, na akahudhuria kliniki, ataweza kukua na kusoma kama wenzake.

Ndivyo ilivyo pia kwa ualbino. Mtoto mwenye ualbino amepokea kinasaba kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa hiyo baba anayemfukuza mkewe kwa sababu amezaa mtoto wa namna hiyo anamfukuza kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amelichangia nusu. Tukiongeza shinikizo la damu, kisukari, saratani ya matiti na presha ya macho, ambayo yote hupenda kurudia katika familia, tutaona kwamba daktari anayeuliza habari za shangazi na babu hapotezi muda.

SI KILA KINACHORUDIA KATIKA UKOO NI CHA KURITHI

Hapa lazima tuwe waangalifu. Watu wa ukoo mmoja hushirikiana damu, lakini pia hushirikiana chungu, kisima na choo.

Wazee wanakumbuka jinsi rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, lilivyokuwa jingi katika nyanda zetu za juu. Watu walizinyooshea kidole koo fulani, wakisema huo ni mkosi wao. Kumbe ardhi yetu na vyakula vyake vilipungukiwa na madini joto. Chumvi yenye madini joto ilipoenea, watoto wa koo zile zile wakakua bila rovu.

Kifafa ni hivyo hivyo. Upo unaotokana na urithi, lakini katika sehemu zetu zenye ufugaji wa nguruwe upo pia unaoletwa na tegu. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu na isiyoiva, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo kikubwa. Yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu, maji au mboga, vifuko vinaweza kukaa ubongoni na kuleta kifafa. Nyumba nzima inaweza kupata shida hiyo, na majirani wakasema ni kulogwa, au wakamsingizia bibi kizee. Dawa yake ni choo bora, nguruwe kufungiwa bandani, nyama kupikwa ikaiva, kunawa mikono, na mgonjwa kupelekwa hospitali.

Ndiyo maana tunasema daftari la ukoo hutetea watu. Penye maandishi ya nani aliumwa nini, lini na akiishi wapi, daktari huweza kutofautisha cha kurithi na cha kuambukizwa. Pasipo maandishi, mchawi hutafutwa.

FUVU LA KALENGA NA MAFUVU YA BERLIN

Wengine watasema: "Daftari la nini? Sayansi imeendelea, tukapime vinasaba tujue yote." Tuwajibu kwa habari ya kwetu.

Kila mwana Iringa anajua kwamba Mtwa Mkwawa alijiua huko Mlambalasi mwezi Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, nao wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo. Halikurudi mpaka Juni 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Twining alikuwa amelichagua katika makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Umbo la vinasaba lilikuwa limeelezwa na wataalamu mwaka mmoja tu kabla, 1953, na hakukuwa na mtu duniani aliyeweza kuvitumia kumtambua ndugu. Basi walitumia walichokuwa nacho. Hatusemi haya kutia shaka heshima ya Kalenga. Tunataka kuonyesha tu safari ndefu iliyopita.

Sasa tazameni mwaka 2023. Wataalamu wa Berlin walikuwa wamechunguza zaidi ya mafuvu 1,100 yaliyochukuliwa Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni. Walikuta kwamba karibu 200 yalitoka nchi yetu. Lakini ni manane tu yaliyokuwa na maelezo ya kutosha kuwapa tumaini la kuwatafuta ndugu. Wakaja Kilimanjaro, wakazungumza na familia ambazo kwa zaidi ya miaka mia moja hazikusahau majina ya mababu zao, na watu wa familia hizo wakakubali kutoa mate yapimwe. Mafuvu matatu yakapata ndugu walio hai. Mojawapo lilikuwa limeandikwa neno "Akida", likiwa la mshauri wa Mangi Meli, yule aliyenyongwa na Wajerumani huko Old Moshi mwaka 1900.

Kuna fundisho kubwa hapo. Mashine ilikuwa na uwezo wa kupima mafuvu yote. Kilichopungua ni maandishi na kumbukumbu. Fuvu lisilo na maelezo lilikaa kimya, na lililokuwa na neno moja tu juu yake likawapata watoto wa watoto wake. Vinasaba husema kweli, lakini lazima pawepo mtu wa kulinganishwa naye, na mtu huyo hupatikana kwa sababu ukoo umekumbuka na karatasi imetunzwa.

KITABU CHA UBATIZO NI HAZINA

Sisi waumini tuna karatasi ambazo wengi hawana. Misheni ya Tosamaganga ilianzishwa na Wabenediktini mwishoni mwa karne ya 19, na Wakonsolata waliingia Iringa mwaka 1919. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 877, inataka kitabu cha ubatizo kiandike jina la mbatizwa, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe, pamoja na siku na mahali alipozaliwa. Kipaimara na ndoa navyo huandikwa katika mstari ule ule. Mstari mmoja wa babu yako unaweza kukupa vizazi viwili kwa mara moja.

Lakini lazima kujua namna ya kutafuta. Kwanza, kigango chenu huenda kimekuwa parokia juzi tu. Babu yenu ameandikwa katika parokia mama. Pili, majina yaliandikwa na wageni kama masikio yao yalivyosikia. Wajerumani walimwandika Mkwawa "Quawa". Je, jina la ukoo wenu limeandikwa kwa namna ngapi? Tatu, ndugu wengine walibatizwa na madhehebu mengine. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri nao wana vitabu vyao. Kwa jirani tuingie kwa adabu, tutapokewa. Nne, watu wetu walisafiri. Wengine walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, wengine mashamba ya mkonge ya Tanga, wengine kwa Wenela hadi migodi ya Afrika Kusini, wengine wakafuata reli ya TAZARA. Huko nako walizaa.

Tunaomba pia uangalifu. Vitabu hivi vina siri za watu. Mwombe paroko au katibu wa ofisi akusomee mstari unaokuhusu. Usipige picha ukurasa mzima na kuusambaza kwenye simu, maana katika ukurasa huo kuna mtoto wa mwenzio ambaye hajaambiwa habari zake.

Na kwa watoto wa leo, cheti cha kuzaliwa kisisahauliwe. Mpango wa kuwaandikisha walio chini ya miaka mitano karibu na nyumbani, katika vituo vya afya na ofisi za kata, ulizinduliwa mkoani Mbeya mwaka 2013. Hakuna sababu ya mjukuu wetu kuja kuhangaika kama tulivyohangaika sisi.

BABA, USIPIME KWA HASIRA

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Mtoto hupata nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama, hivyo kipimo kinaweza kuonyesha uzazi kwa uhakika mkubwa sana. Nchini mwetu kinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, na maabara yake ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda mjini Mbeya. Huendi tu mwenyewe na unywele wa mtoto mfukoni. Maombi hupitia kwa wanaotambuliwa na sheria, kama mahakama, ofisa ustawi wa jamii, polisi au wakili.

Zipo sababu za haki za kupima. Mtoto ametelekezwa na baba anakana. Yatima anadhulumiwa urithi. Watoto wamechanganywa, au ndugu wamepoteana. Katika mambo hayo tunasema pimeni, na kweli itawale. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na ndugu wa ukoo wake.

Lakini ipo sababu nyingine, nayo ni hasira. Baba amesikia maneno kilabuni. Amesoma gazetini kwamba wengi waliokwenda kupima walikuta watoto si wao. Anasahau kwamba waliokwenda ni wale waliokuwa tayari na mashaka. Huwezi kuhesabu wagonjwa waliomo wodini ukasema kijiji kizima kinaumwa. Baba huyo akipata jibu baya, atafanya nini na binti wa miaka 9 anayemkimbilia kila jioni kumpokea jembe? Mtoto hakutenda kosa lolote. Asiwe kielelezo cha mahakamani katika ugomvi wa wakubwa. Afadhali kwanza kukaa na mama, na mshauri wa familia au paroko, kabla ya kufungua mlango ambao hautafungika tena.

Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Tunaupenda msemo huo, kwa sababu unamlinda mtoto. Asiitwe jina baya, asinyimwe sahani wala shamba. Hata hivyo tuseme ukweli: ugonjwa hausikilizi methali. Na siku kijana atakapoleta mchumba, kumbe ni binti wa baba yule yule aliyemzaa kwa siri, methali haitawasaidia. Zamani matangazo ya ndoa yaliposomwa, bibi mmoja angesimama na kusema, "Hawa ni ndugu." Leo katika Mwanjelwa au Uyole, nani anamjua nani? Kwa hiyo tunawasihi akina mama wenye siri ya namna hii: si lazima itangazwe, lakini isizikwe nanyi. Pawepo mtu mmoja mwaminifu anayeijua, na mtoto aambiwe akiwa mkubwa, kwa upole, na yule aliyemlea akiendelea kuitwa baba.

Neno kwa vijana na ndugu zetu walio ng'ambo. Kampuni za nje hupokea mate kwa posta na kukutajia asili yako na ndugu zako. Zina mipaka yake. Zinakulinganisha na waliokwisha kupima tu, na Waafrika waliopima ni wachache, kwa hiyo Mhehe au Mnyakyusa anaweza kuambiwa tu kwamba yeye ni mtu wa Afrika ya Mashariki, jambo ambalo hata nyanya yake angemwambia bure. Tena, habari hizo zikivuja hazirudi. Mwaka 2023 kampuni ya Marekani ya 23andMe iliibiwa habari za watu karibu milioni 7, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Ukitoa vinasaba vyako umetoa pia vya ndugu zako, ambao hukuwauliza.

LA KUFANYA NYUMBANI

1. Nunueni daftari moja gumu. Andikeni vizazi vitatu: ninyi, wazazi wenu, babu na bibi wa pande zote mbili, pamoja na shangazi, wajomba na baba wadogo.

2. Kwa kila mtu andikeni jina la ubatizo, la ukoo na la nyumbani, mwaka au tukio la kuzaliwa, vijiji alivyoishi, aliumwa nini, na alifariki akiwa na umri gani. Msiandike "alilogwa". Andikeni dalili mlizoziona: alivimba miguu, alikohoa damu, alianguka kifafa.

3. Mjukuu aende kwa babu kwa heshima. "Kamwene, babu. Tumekuja utufundishe habari za ukoo." Asiharakishe, wala asimsahihishe mzee mbele ya watu.

4. Ulizeni parokiani, na mkipata nakala iwekeni pamoja na vyeti.

5. Anayelea yatima aanze na upande usiojulikana. Msafiri mmoja kwenda kijiji cha marehemu baba anaweza kuleta kilichokuwa kimepotea.

6. Daftari hili ni la nyumba. Likae sanduku moja na vyeti, na watu wawili wajue lilipo. Siku ya kwenda hospitali, lichukueni.

Turudi kwa yule bibi aliyetazama chini. Hana kosa. Amemlea mjukuu kwa mikono iliyochoka, na hakuna aliyemwandikia chochote. Sisi tulio na macho na kalamu ndio tunaodaiwa. Jumapili hii, baada ya Misa, tusiachane mlangoni tu. Tuketi na mzee mmoja wa ukoo, tumnywe naye chai, na tufungue ukurasa wa kwanza. Mwakani huenda tukamkuta hayupo.